Mtoto Akigonga, Mwitikie

Mapema mwaka huu nilisafiri kutoka Shinyanga mjini kwenda Geita kwa njia ya Kahama. Nilipofika upande wa Nyarugusu, mwenyeji wangu alinipitisha kwenye mwalo mmoja wa wachimbaji wadogo. Kwa wale ambao hawajafika huko, mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyotolewa kwenye maduara hupondwa, husagwa na kuoshwa ili dhahabu ipatikane. Kuna kelele za makarasha, kuna vumbi, kuna tope, na kuna watu wengi, kila mmoja ameinamia shughuli yake.

Pembeni, chini ya turubai, alikuwako mama mmoja kijana akiponda mawe kwa nyundo. Karibu naye, juu ya gunia, alikaa mwanawe ambaye nilimkadiria kuwa na miezi kumi hivi. Mkononi mwake alikuwa na kifuniko cha soda. Akakigonga juu ya jiwe, kisha akamwangalia mama yake. Mama hakuinua macho, kwa sababu mawe yale yalikuwa ya mtu, naye alikuwa akilipwa kwa ndoo. Mtoto akagonga tena, akamwangalia tena mama yake. Halafu akageuka akaniangalia mimi.

Nilikuwa na kalamu na daftari. Nikachuchumaa, nikagonga kalamu kwenye daftari mara moja. Mtoto akanikodolea macho. Akagonga mara moja. Nami nikagonga mara moja. Akagonga mara mbili, nami nikagonga mara mbili. Ndipo alipoangua kile kicheko cha watoto kinachotoka tumboni, mpaka akataka kuanguka kutoka juu ya gunia.

"Shikamoo mzee," mama akasema, nyundo ameiweka chini.

"Marahaba, mayu. Mwanao ni mchangamfu kweli."

"Huyu?" akashangaa. "Huyu ni mkimya sana, mzee. Hanisumbui hata kidogo. Namweka hapa asubuhi mpaka jioni, wala hutasikia sauti yake."

Aliyasema hayo kwa kumsifu mwanawe. Nami nikamuuliza kile kifuniko kimetoka wapi.

"Hicho? Hicho ni cha kupimia zebaki. Lakini hakina kitu sasa, imekwisha."

Ndugu wasikilizaji, nilikiomba kile kifuniko, na mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Nilikuwa na chupa ya maji iliyobaki nusu. Nikakaza kifuniko chake, nikampa. Akaitikisa, akayaona maji yanacheza ndani, akanyamaza. Kisha akaitikisa tena na kumwangalia mama yake. Safari hii mama aliona, akacheka, akasema, "Ee! Maji hayo!" Ukaanza mchezo mwingine.

Mambo mawili niliyoyaona katika dakika zile chache ndiyo mazungumzo yangu ya leo. La kwanza ni kwamba mtoto yule alikuwa akiita na hakuna aliyemwitikia. La pili ni kwamba kitu pekee alichopata cha kuitia kilikuwa kimepitiwa na sumu.

Wengi wetu tunapolisikia neno mchezo tunafikiria jambo la kupoteza wakati. Tunasema, "Acha mchezo, fanya kazi." Lakini kwa mtoto wa umri ule, mchezo ndiyo kazi yenyewe. Anapogonga kifuniko anauliza maswali matatu kwa pamoja. Kitu hiki kinatoa sauti gani? Je, ni mimi niliyeitoa? Je, kuna mtu aliyesikia? Maswali mawili ya kwanza anaweza kujijibu mwenyewe. La tatu hawezi. Hilo lazima tumjibu sisi, kwa macho, kwa sauti, kwa kicheko au kwa kugonga kama alivyogonga yeye.

Mtoto aliyeuliza swali hilo mara nyingi bila kujibiwa huacha kuuliza. Hapo ndipo tunapomsifu kuwa ni mkimya na hana usumbufu. Wapo watoto wapole kwa maumbile yao, sikatai. Lakini upole ni tofauti na kukata tamaa, na mtoto mkimya si lazima awe ameridhika.

Wataalamu wanatueleza kwamba mtoto anapozaliwa ubongo wake una uzito wa kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka mitatu, umekwishafikia kama asilimia 80. Hakuna kipindi kingine cha maisha ambacho ubongo hujengwa kwa kasi kama hiyo. Unajengwa kwa chakula, ni kweli, lakini unajengwa pia kwa kuita na kuitikiwa. Ndiyo maana katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, Serikali haikuishia kwenye afya, lishe na ulinzi. Imetaja pia ujifunzaji wa awali na kile inachokiita malezi yenye mwitikio. Neno hilo la mwitikio limechaguliwa vizuri. Ndicho mtoto wa pale mwaloni alichokuwa akikitafuta.

Pengine yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Basi nimpe mfano wa Jamaika, nchi ambayo watu wake wengi asili yao ni Afrika. Katika miaka ya 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 wa mitaa ya kimaskini ya mji wa Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya kwa muda wa saa moja kila juma, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuleta midoli ya dukani. Alileta vitu vilivyotengenezwa kwa mkono kutokana na vifaa vya kawaida, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye. Miaka 20 baadaye watu hao walitafutwa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale waliochezewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata huduma hiyo. Hapa kwetu, takwimu za Taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo habari ya Kingston inatuhusu.

Sasa tuje nyumbani. Mama wa Katoro, wa Kakola au wa Ngokolo atauliza: nifanye nini hasa, nami nina ndoo za kuchota, nina sufuria jikoni na biashara sokoni? Jibu ni kwamba michezo ya mtoto mdogo haihitaji saa maalumu. Inaingia ndani ya shughuli zilizopo.

Tuanze na mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu. Huyu huona vizuri kitu kilicho karibu, kiasi cha urefu wa kutoka titi la mama hadi uso wa mama. Basi uso wako ndio mdoli wake wa kwanza. Unapomnyonyesha au kumwogesha, mwangalie na umsemeshe. Akitoa sauti, itoe kama alivyoitoa yeye, kisha subiri. Utashangaa kuona naye anangoja zamu yake. Chukua kitambaa chenye rangi kali, kipitishe polepole mbele ya macho yake akifuate. Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka kwa dakika chache chache, nawe ukiwa hapo hapo, ajifunze kuinua kichwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba muda huo ufike angalau nusu saa kwa siku, ukijumlishwa kidogo kidogo.

Kuanzia miezi mitatu hadi sita, mikono inaamka. Tafuta chupa ndogo ya plastiki iliyo safi, tia punje za mahindi au mtama, kaza kifuniko na ukifunge kwa gundi au utepe imara. Hilo ni kayamba lake. Litikise upande huu, aligeukie, kisha upande wa pili. Halafu mwachie alishike, lakini usimwache nalo peke yake, kwa maana kila kitu katika umri huu huishia mdomoni, na punje ikitoka inaweza kumkaba.

Miezi sita hadi tisa ni umri wa kujificha. Funika uso wako kwa khanga, uliza, "Mama yuko wapi?" kisha ifunue. Mtu mzima huchoka baada ya mara tatu. Mtoto hachoki hata mara thelathini, kwa sababu anajifunza jambo kubwa, kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Ficha kikombe chini ya kitambaa umwone akikitafuta. Mpe sufuria tupu na mwiko, avumilie nani! Jirani atavumilia.

Miezi tisa hadi kumi na miwili, mtoto hupenda kutia na kutoa. Mpe bakuli na magunzi matatu manne ya mahindi yaliyooshwa na kukauka. Atayatia, atayatoa, atayamwaga. Mwambie, "Nipe moja." Akikupa, sema ahsante na umrudishie. Hapo anajifunza kupeana, ambako ndiko mwanzo wa mazungumzo.

Akianza kutembea, mfungie kamba kwenye boksi la sabuni, alivute kama gari. Mshonee mpira wa matambara kwa soksi kuukuu. Mpangie maboksi matupu, ayaangushe, muyapange tena. Akifika mwaka mmoja na nusu na kuendelea, mpe kazi za kuigiza: ufagio mfupi afagie, kikombe na bakuli "apike uji". Gunzi lililofungwa kitambaa ni mtoto wake wa kubeba mgongoni, kama mabinti wa vijijini walivyofanya tangu zamani. Unapopanga vitu vilivyotoka sokoni, mwambie aweke viazi huku na malimau kule. Hiyo ni hesabu yake ya kwanza.

Na katika yote hayo, zungumza naye. Kwa lugha gani? Kwa ile inayotoka kinywani mwako bila kujikwaa. Kama ni Kisukuma, ni Kisukuma. Kama ni Kizinza, ni Kizinza. Kiswahili atakipata, mtaa mzima unakisema. Jambo la kuepuka ni kumpa simu ndiyo izungumze naye. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni. Sababu si ngumu kuielewa. Simu inasema tu. Mtoto akigonga, simu haimwitikii.

Ndugu wasikilizaji, katika ukanda wetu huu wa dhahabu kuna sharti moja ambalo mama wa Njombe au wa Lindi pengine halimgusi sana. Kabla ya kuuliza mtoto acheze nini, inabidi tuulize acheze wapi. Zebaki huwavutia watoto, kwani inang'aa, inateleza na inagawanyika vipande kama shanga. Mtu akiichoma ili abaki na dhahabu, hugeuka mvuke. Mvuke huo huingia mapafuni, na hukaa kwenye kuta, kwenye nguo na kwenye vyombo. Kifuniko kilichoonekana kitupu pale mwaloni kinaweza kubaki na chembe zisizoonekana. Na ubongo ule ule unaojengwa kwa kasi katika miaka mitatu ya kwanza ndio unaodhurika upesi zaidi.

Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wapo akina mama waliokula samaki wa bahari ile bila wao kuonekana wagonjwa sana, lakini wakazaa watoto walioharibika ubongo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba unataka yakomeshwe ni kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu.

Kwa hiyo, mchimbaji ndugu yangu, usichome nyumbani, hata kama ni kidogo, hata kama ni usiku, wala usiutumie ukaango wa familia. Zebaki isiingie ndani ya nyumba. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Oga kabla ya kumbeba mtoto. Najua amekukimbilia na una hamu naye, lakini dakika tano hazitampunguzia upendo. Mchanga wa marudio usiletwe uani kuwa mahali pa watoto kuchezea, wala mawe ya magwangala yasiwe matofali yao. Tandika mkeka mmoja ulio safi, mbali na vumbi, uwe ndio uwanja wa mtoto.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa machimbo hawalisemi sana. Katika kaya ya Kisukuma, mtoto alikuwa na watu wengi wa kumwitikia. Bibi alikuwepo, shangazi alikuwepo, binamu walikuwepo, na hata babu chini ya mti alikuwa na la kusema. Mama akienda shamba, mtoto hakukosa sauti. Leo vijana wamefuata dhahabu, wamepanga chumba kimoja, na bibi amebaki kijijini Maswa au Shinyanga Vijijini. Mama yuko peke yake, au mtoto ameachiwa dada yake wa miaka tisa ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Tumeihama kaya, lakini mahitaji ya mtoto hayakuhama. Pengo hilo ni nani atakayeliziba?

Wa kwanza ni baba. Nalisema hili nikijua kwamba sikulitenda. Wanangu wakubwa niliwabeba kwa kupigwa picha tu. Niliamini kwamba mtoto anakuwa wa baba pale anapoweza kutumwa, na kabla ya hapo ni wa mama. Nilipoanza kuwafuata ili tuzungumze, walikuwa wamekwisha kujua kwamba nyumba ile ina mtu mmoja wa kuitikia, na huyo si mimi. Mpaka leo wakinipigia simu, baada ya salamu huuliza, "Mama yupo?" Sina wa kumlaumu. Namwambia kijana anayetoka zamu akaenda moja kwa moja kukaa kijiweni: robo saa ya kusukumiana mpira wa soksi na mwanao haikupunguzii uanaume.

Wa pili ni sisi kwa pamoja. Wenye mialo wanajenga vibanda vya kuhifadhi mashine. Wanashindwaje kutenga kibanda kimoja mbali na vumbi na zebaki, akina mama wakapeana zamu ya kuwaangalia watoto? Halmashauri zinazopokea ushuru wa madini, viongozi wa vijiji, makanisa na misikiti, wote wana nafasi ya kusaidia. Wala si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja haki ambazo mzazi anawajibika kumpa mtoto, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na mwishoni inataja kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa katika orodha moja na chakula.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakati naondoka pale mwaloni, yule mama aliniuliza kama anaweza kubaki na ile chupa. Nilimwambia ni ya mwanawe. Akamsogeza mtoto na gunia lake upande wa pili wa mti, ambako vumbi lilikuwa pungufu, kisha akarudi kwenye nyundo yake, kwa sababu ndoo ilikuwa bado haijajaa. Nilipokuwa nikipanda gari nilisikia chupa ikitikiswa, na juu ya kelele zote za makarasha nikasikia sauti ya kike ikiita, "Nakusikia!"

Ndugu wasikilizaji, leo jioni mtoto wako, au wa jirani yako, atagonga kitu. Mwitikie.